Lubumbashi: Kasapa, wanaotaka kuuza dukani ni wengi, lakini ufunguo anapewa nani?

Karatasi ilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa chuma, kando ya barabara ya Kasapa, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka chuo kikuu cha Lubumbashi. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu: hapa tunatafuta muuzaji, mwanamke au mwanaume, ajue hesabu, aje na barua. Jumatano saa sita mchana ilikuwa imekwisha kuondolewa. Watu 31 walikuwa wamepita.

Duka ni la yaya wangu. Nalisema mapema ili msomaji asidhani ninajificha nyuma ya kalamu. Ni mimi niliyeiandika ile karatasi, kwa sababu katika familia zetu mtu aliyesomea uandishi wa habari ndiye anayeandika kila kitu: barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, matangazo ya kilio na matangazo ya mlangoni. Wakati naandika, yaya alisimama nyuma yangu na kutoa neno moja tu: "Bantu beko bengi, wa kuachia lufungulo njo anakosekana."

Kati ya hao 31, karibu wote walikuwa na diploma ya Leta. Sita walikuwa na lisansi, mmoja ya uchumi. Wanne walikuwa bado wanafunzi, wanaoishi katika ma-home ya chuo au katika vyumba vya kupanga nyuma ya barabara. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni na kusema kwamba ameuza unga sokoni miaka tisa, hana karatasi yoyote, lakini aulizwe hesabu. Alikuwa peke yake aliyetaka kuulizwa hesabu.

Kwa miezi 14 yaya alikuwa amekwisha kubadilisha wauzaji watatu. Wa kwanza alikuwa mtoto wa shangazi, aliyeletwa kutoka Likasi na familia nzima ikiwa shahidi wa tabia yake. Hakuna aliyemkamata na kitu, lakini rafu zilikuwa zinapungua bila feza kuongezeka, na kumfukuza kulileta mkutano wa ukoo ambao mpaka leo watu wawili hawasalimiani. Wa pili alitoka kanisani. Huyo alikuwa msichana mwaminifu kabisa, ila moyo wake ulikuwa laini: kila Kasapard aliyesema baba yake atatuma feza Ijumaa aliandikiwa deni. Wa tatu alikuwa mwanafunzi wa hesabu, mwepesi sana wa kichwa. Mitihani ilipoanza, duka lilifungwa siku nne.

Hadithi hizi si za yaya peke yake. Ukitembea kutoka mlango mmoja hadi mwingine katika kartie ya Kasapa, komine Annexe, utazisikia kwa sauti mbalimbali. Mwenye duka atakuambia wauzaji ni wezi. Muuzaji atakuambia wenye maduka wanataka mtumwa mwenye diploma. Nimesimama pande zote mbili za meza hiyo, na naona kwamba mara nyingi ugomvi unaanza mahali ambapo hakuna aliyeiba chochote.

Mfuko wa sukari na neno "manko"

Tuanze na sukari, maana ndiko kesi nyingi zinakozaliwa.

Maduka ya hapa hayauzi kama yale ya katikati ya mji. Mnunuzi wake ni mwanafunzi anayepika chumbani kwa jiko la umeme, kura ikiwepo. Hanunui kilo. Ananunua kifuko kidogo cha sukari, mafuta ya vijiko vichache ndani ya plastiki iliyofungwa fundo, nusu ya sabuni, unga wa meka moja, yai moja, unite za franka mia tano. Kwa hiyo muuzaji wa Kasapa ni mtu wa kugawanya. Anafungua mfuko mkubwa na kuufanya vidogo mia kadhaa.

Mfuko wa sukari wa kilo 50, ukigawanywa kwa vifuko vya gramu 100, unatoa vifuko 500. Hiyo ni hesabu ya karatasi, na ndiyo iliyo kichwani mwa mwenye duka. Dukani havifiki 500 hata siku moja. Sukari inamwagika, mkono unazidisha kidogo, kingine kinapasuka, sisimizi wanachukua haki yao, na majira ya mvua sukari inashika unyevu na kugandamana chini ya mfuko. Muuzaji akipata vifuko 480 amefanya kazi nzuri. Mwenye duka anaona vifuko 20 vimekosekana. Zidisha kwa mifuko ya mwezi mzima, ongeza mafuta, ongeza unga, na hapo unapata kile ambacho Lubumbashi yote inakiita manko.

Manko ni neno fupi lenye uzito. Linaweza kula mshahara, kuvunja undugu, na katika mji huu linaweza kumfikisha mtu mbali zaidi.

Kwa sababu jina la Kasapa lina maana mbili kwa watu wa Lubumbashi. Mzazi akisema mtoto wake yuko Kasapa, majirani wanangoja kidogo kabla ya kumpongeza. Kuna Kasapa ya chuo kikuu, kilichozaliwa mwaka 1955 na ambacho kimelisha nchi hii mawaziri, maprofesa na wanasheria. Na kuna Kasapa ya gereza kuu. Ni gereza lile ambalo, mwishoni mwa Septemba 2020, ghasia zilidumu siku tatu. Sehemu ya wanawake iliteketezwa kwa moto na wafungwa wanawake walibakwa, kama shirika la Human Rights Watch lilivyoeleza baadaye. Katika magereza yetu wengi waliomo hawajahukumiwa bado. Wanangoja faili lao lifunguliwe. Binti anayetishiwa "nitakupeleka Kasapa" kwa ajili ya vifuko vya sukari anajua kabisa ni Kasapa ipi inayosemwa.

Nami nilijua. Mwaka 2012 nilikuwa mwaka wa pili wa gradua, na jioni nilikuwa nauza katika duka moja si mbali na ma-home. Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alinipa kazi bila karatasi, kwa neno la jirani yangu wa chumba. Mwezi wa nne alikuja na kaye yake, akahesabu peke yake usiku, na asubuhi akaniambia nina manko ya franka 46.000. Wakati ule hizo zilikuwa karibu dola 50. Nilisema sijachukua. Alisema kaye haisemi uongo. Nikalala usiku mmoja kwenye kituo cha polisi, juu ya simenti, na watu wawili wa ugomvi wa pombe. Mjomba wangu aliuza redio na kulipa. Baada ya wiki mbili mwenye duka aligundua kwamba makatoni mawili ya maziwa ya unga yalikuwa yameandikwa mara mbili: mara moja siku ya kuagiza, mara ya pili siku ya kupokea. Aliniambia pole, na kweli alionekana ameumia. Feza hazikurudi. Redio vilevile.

Sikuwahi kuandika habari hii. Naiandika leo kwa sababu nilipokuwa naandika ile karatasi ya yaya, niliona tunakaribia kufanya vilevile: tunatafuta mtu mwema, badala ya kutafuta namna nzuri ya kuhesabu.

Kapita wa zamani

Kazi hii ina historia ndefu katika mji wetu. Wakati wa Wabeleji, Elisabethville ilipokuwa inakua pamoja na migodi, wafanyabiashara Wagiriki, Wareno, Waitalia na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walifungua maduka mjini na kando ya reli. Nyuma ya meza waliweka Mkongo aliyeitwa kapita. Jina hilo lilikuwa pia la msimamizi wa wafanyakazi, lakini kapita wa duka alikuwa mtu wa pekee: alipokea vitu, akaviuza, akarudisha feza, na alijibu kwa kila kipande cha kitambaa. Babu zetu wengi walijifunza hesabu za biashara hapo, si shuleni.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza Zairianizasio. Maduka ya wageni yakakabidhiwa wananchi, na mara nyingi waliopewa walikuwa watu wa siasa na jamaa zao. Wazee wa Lubumbashi bado wanasimulia jinsi rafu zilivyokauka: wenye duka wapya waliuza vilivyokuwepo, wakala feza, wasiagize vingine. Kwa maoni yangu kosa mojawapo lilikuwa hili, kwamba duka alipewa mwenye cheo huku aliyejua stoki akiwa yule yule kapita, aliyebaki nyuma ya meza bila kuulizwa. Kisha ukaja uporaji wa Oktoba 1991, na wengi waliokuwa wamebaki wakafunga.

Maduka madogo ya Kasapa ya leo yametoka katika majivu hayo. Wengi wa wenyewe ni walimu, wauguzi, wajane, watumishi wa Leta wanaongoja mshahara, watu waliopata kiinua mgongo kidogo cha mgodi. Hawana kapita wa kurithi. Wanaajiri kwa mara ya kwanza maishani, na wanaajiri kama wanavyotafuta msichana wa kulea mtoto: kwa kuuliza nani anamjua nani.

Sheria inasema nini

Nchi hii ina sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Wenye maduka wengi wanadhani inahusu migodi na benki tu. Haichagui. Mtu anayefanya kazi chini ya uongozi wako kwa malipo ni mfanyakazi, hata kama duka lako ni kontena.

Sheria inataka mkataba uandikwe. Na hapa kuna jambo ambalo linawashangaza wenye maduka kila ninapolitaja: kutoandika hakukulindi wewe bosi. Mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani yule uliyemchukua "tuone kwanza", bila karatasi, anaweza kusimama mbele ya mkaguzi wa kazi kama mfanyakazi wa kudumu. Kipindi cha majaribio vilevile lazima kiwe kwenye maandishi, na kina mpaka: mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, miezi sita kwa wengine.

Masaa ni 45 kwa wiki, na tisa kwa siku. Sasa hesabu na duka la yaya. Lilikuwa linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa ajili ya mkate, na kufungwa saa tatu usiku. Ni masaa 14 na nusu. Kwa siku sita ni 87, bila kuhesabu Jumapili baada ya ibada. Wauzaji wote watatu walikuwa wanafanya karibu kazi ya watu wawili, na hakuna aliyeona ajabu, wala mimi niliyekuwa napita kununua unite na kuwasalimia.

Mshahara je? Yaya alikuwa analipa dola 60 kwa mwezi, na chakula cha mchana. Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini kuwa franka 7.075 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni franka 183.950. Dola 60, hata wakati dola moja ilikuwa karibu franka 2.800, zilikuwa franka 168.000. Hakufikia hata kima cha zamani. Mwaka 2025 serikali ilipandisha kima hicho kwa hatua mbili, kwanza 14.500 kwa siku, kisha 21.500. Ukichukua hatua ya kwanza tu, ni franka 377.000 kwa mwezi. Nilipomwonyesha yaya hesabu hiyo kwenye simu, alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama serikali imewahi kuuza sardini.

Swali lake lina haki yake. Duka linalopata faida ya franka mia chache kwa kila kopo haliwezi kubeba mishahara ya mgodi, na juu yake kuna mchango wa CNSS, asilimia 13 kwa mwajiri na 5 kwa mfanyakazi. Lakini muuzaji naye ananunua unga sokoni kwa bei ile ile. Anayelipwa kidogo kupita kiasi anajilipa mwenyewe, mara nyingi bila kujiona mwizi: soda moja hapa, unite kidogo pale. Mwenye duka anayelipa dola 60 na kupoteza dola 40 kwa manko amekwisha kulipa dola 100, ila amelipa vibaya na kwa hasira.

Kuhusu manko yenyewe, kuna mambo mawili ya kujua. La kwanza, mwajiri hakati mshahara apendavyo. Sheria ya kazi inaorodhesha makato yanayoruhusiwa. La pili, kitabu cha sheria za jinai kinaadhibu kuvunja uaminifu, katika kifungu cha 95, kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano pamoja na faini. Lakini kinamwadhibu mtu aliyegeuza mali ya mwenzake kwa hila. Kukosea hesabu si hila. Sukari iliyomwagika si hila. Ugomvi wa kazi njia yake ni kwa mkaguzi wa kazi kwanza, ajaribu kuwapatanisha, na wakishindwana ndipo mahakama ya kazi. Polisi na parke si mahali pa kupigia hesabu ya vifuko. Tunajua jinsi mambo yanavyokwenda: mwenye duka anamjua afande mmoja, afande anaita "mwaliko", na familia ya binti inauza redio.

Franka, dola na sura nzuri

Kuna ujuzi ambao matangazo ya mlangoni hayautaji, na bila huo hakuna muuzaji Kasapa. Mtu huyu anahesabu kwa feza mbili siku nzima. Mnunuzi anatoa noti ya dola kumi, ananunua vitu vya franka, anataka chenji nusu dola nusu franka, na nyuma yake watu wanne wanapiga kelele. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo hakuna atakayeipokea kesho. Ya franka iliyobandikwa karatasi inapita. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo analeta hasara kwa siku moja kuliko mwizi kwa wiki.

Mwaka 2025 jambo hilo liliuma wengi. Franka ilipanda thamani kwa haraka. Dola iliyokuwa karibu 2.800 ikashuka chini ya 2.500 ndani ya muda mfupi. Duka lililonunua vitu kwa dola ya bei ya juu likauza kwa dola ya bei ya chini. Jioni kasha lilikuwa na noti zile zile na thamani nyingine. Wenye duka ambao hawakuandika kila asubuhi bei ya dola ya siku walitafuta manko, na wakampata muuzaji. Na yule aliyelipwa dola 60 alikuta mshahara wake kwa franka umepungua, huku mkate haujashuka bei.

Halafu kuna hili la "sura nzuri". Soma karatasi zilizobandikwa mjini: msichana, umri fulani, mwenye kupendeza. Katika mazungumzo ya wasichana wa ma-home, tangazo la namna hiyo lina tafsiri yake, na wanaambiana wasiende peke yao jioni kwa "mahojiano". Tangu sheria ya 20 Julai 2006 juu ya makosa ya ubakaji na unyanyasaji wa kijinsia, kumsumbua mtu kimapenzi kwa kutumia nguvu ya cheo ni kosa la jinai. Binti anayehitaji kulipa ada za mwaka hana muda wa kufungua kesi; anaacha kazi tu, na mwenye duka anasema wasichana wa siku hizi hawadumu. Katika karatasi ya yaya tuliandika "mwanamke au mwanaume", na mahojiano yalifanyika mchana, mlango wazi, mimi na yaya na jirani anayeshona nguo tukiwa hapo.

Mahojiano yenyewe hayakuwa ya maneno. Yaya alitoa kilo mbili za sukari, mizani, na vifuko, akamwambia kila mmoja afunge. Wengi wa wenye diploma walidhani ni dharau. Wawili waliondoka. Kisha maswali matatu ya chenji, kwa dola na franka, bila simu. Aliyefunga vizuri na haraka kuliko wote ni yule mama mwenye mtoto mgongoni. Aliyejibu chenji bila kukosea ni mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza wa sheria, kijana mwembamba anayetoka Kasenga, ambaye kwa aibu aliuliza kama anaweza kuja mchana tu.

Tulibishana usiku ule. Yaya alitaka mmoja. Nilimwonyesha tena masaa 87. Hatimaye akawachukua wote wawili: mama kutoka asubuhi hadi saa nane, kijana kutoka saa nane hadi saa mbili usiku, na duka likakubali kufungwa saa moja mapema na kupumzika Jumapili. Mishahara miwili hiyo, ukiiweka pamoja, ni mikubwa kuliko ule wa zamani, na bado kila mmoja wao hapati kinachostahili. Yaya anajua, nami naandika hapa akijua. Ameahidi kutazama tena baada ya miezi mitatu, na ahadi hiyo imo kwenye mkataba.

Mkataba ni kurasa mbili. Majina, kazi, masaa, mshahara kwa franka, majaribio ya mwezi mmoja, siku ya mapumziko, notisi: siku 14 za kazi kama mwajiri ndiye anayevunja, na siku saba zaidi kwa kila mwaka kamili. ONEM inatakiwa kuweka visa juu yake. Kopi ziko tayari, na mimi ndiye niliyetumwa kuzipeleka, kama kawaida. Cheti cha daktari mama amekwisha kuleta. Kijana bado.

Sehemu iliyochukua muda ni ukurasa wa manko. Tuliandika kwamba hakuna atakayehesabu peke yake. Saa nane, wakati wa kupeana zamu, wawili wanahesabu kasha, unite, na vitu kumi tu vinavyokwenda mbio: sukari, unga, mafuta, maziwa, mkate, sabuni, sardini, mayai, soda, vitabu vya kuandikia. Kila kitu kinachopokelewa kinaandikwa siku ya kupokea, si siku ya kuagiza. Hilo nililidai mimi. Kila asubuhi bei ya dola inaandikwa juu ya ukurasa. Mfuko wa sukari wa kilo 50 unahesabiwa vifuko 480. Yaya alitaka 490. Mama alifungua mfuko mpya mbele yake, akafunga asubuhi nzima, wakahesabu pamoja: 483. Ikabaki 480.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda kuwaona. Duka lilikuwa limefungwa nusu, kura ilikuwa imekatika, na watu watatu walikuwa wameinama juu ya kaye kwa mwanga wa simu. Ilikuwa imekosekana franka 3.200. Walianza tena kuanzia mayai. Walipofika kwenye unite, kijana alikumbuka kwamba Alhamisi alimtumia jirani anayeshona nguo unite za 3.000, naye aliahidi kulipa akifunga, akasahau kuandika. Jirani aliitwa, akalipa huku akicheka. Zikabaki 200 ambazo hawakuzipata.

Yaya aliandika: 200, hazijulikani. Akatia sahihi, mama akatia sahihi, kijana akatia sahihi. Kisha kijana akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kupata kopi ya ukurasa. Yaya alimtazama, akachukua simu yake, akapiga picha, akawatumia wote wawili.